Nilimpa mbwa wangu dawa ya minyoo ya mbuzi, kumbe lile tumbo lilikuwa mimba

Wakuu, salaam kutoka Chamwino.

Miaka yote humu ndani mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya. Leo nimeona niandike. Ni mambo yaliyonikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga. Kwa hiyo msiniwahi na matusi, nisomeni kwanza mpaka mwisho halafu ndio mnitukane vizuri.

Kwa kifupi: mimi ni KE, mtumishi, nimezaliwa na kukulia Morogoro mjini. Huku nilihamishiwa miaka mitatu iliyopita. Kwetu hatukuwahi kufuga kitu zaidi ya kuku wa mama. Mambo ya mifugo nimeyakuta huku, ambako hata mhasibu wetu ofisini ana mbuzi kwao na anajua kila mmoja kazaa lini.

Nimepanga nyumba ndogo ya uani kwa Mzee Jumanne. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, anauza nafaka, mtu wa swala tano, na nyuma ya nyumba ana mbuzi wake kama ishirini. Nilipomwambia nataka kufuga mbwa aliendelea kupima mtama wake mpaka nikajuta kuuliza.

Halafu akasema, "Sawa, binti. Lakini upande wangu asikanyage. Pale ninapotawadha na kuswali, asifike."

Kesho yake akapanga mstari wa mawe katikati ya uwanja. Huo ukawa mpaka.

Mbwa nilipewa akiwa mdogo sana, jike, rangi yake kama kashata ya karanga. Nikamwita Kashata. Ule mpaka aliuelewa ndani ya wiki mbili tu. Anafika kwenye mawe, anakaa, anatazama upande wa pili kama msafiri aliyesahau pasipoti nyumbani.

Najua kuna watu watacheka. Chekeni. Ukiishi peke yako mahali pageni, halafu kila jioni ukirudi kazini kuna kiumbe kinakufurahia mpaka kinajikojolea, utakipenda tu. Huku Chamwino wa kwangu ni Kashata. Sina aibu kusema hivyo.

Sasa twende kwenye mada.

Desemba nilikwenda likizo nyumbani, wiki mbili. Kashata nikamwacha kwa jirani yangu Mama Ndahani. Huyu ni mama wa Kigogo, mfugaji, mdomo wake haupumziki, na kati ya kwake na kwetu kuna ua wa minyaa tu. Nikampa maelekezo marefu: ale mara mbili, maji yabadilishwe, asitoke nje ya ua. Yeye anaitikia tu "ehe, ehe" huku anachambua mlenda.

Niliporudi nikamkuta Kashata ana vumbi mpaka masikioni na furaha tele. Nikauliza, "Alikuwa anakula?" Mama Ndahani akajibu, "Alikula kuliko mimi." Basi, nikashukuru, nikamwachia zawadi yake ya mchele, yakaisha.

Wiki ya tatu ya Januari mambo yakaanza.

Kwanza akaanza kususa chakula. Kashata huyu ninayemjua mimi, anayekula ugali na sufuria, asubuhi ananusa anageuka. Siku mbili akatapika povu la njano. Halafu usingizi. Mchana kutwa kajilaza kwenye kivuli cha tanki la maji, kuku wa Mama Ndahani wanapita puani mwake hata jicho hafungui.

Na kitumbo kidogo. Sio cha kuona ukiwa mbali, ila ukimshika unahisi kimekaza.

Wakuu, ningekuwa na akili ningejiuliza. Sikujiuliza. Nilikuwa na confidence ya ajabu. Jumapili iliyotangulia jirani mmoja alichinja, na nilimwona Kashata kwa macho yangu akiburuza kipande cha utumbo mbichi humo humo uani kwetu. Kwa hiyo nikapiga hesabu yangu: utumbo mbichi, kutapika, tumbo. Minyoo hiyo. Kesi imefungwa.

Hapa niweke pembeni kidogo niwaeleze kitu kuhusu huku.

Huku mnyama ni mbuzi na ng'ombe. Duka la dawa za mifugo limejaa dawa za mbuzi na ng'ombe. Mbwa ni mlinzi tu, akiumwa atajijua. Mwaka juzi niliwahi kuingia duka moja nikaomba dawa ya viroboto ya mbwa. Kulikuwa na wazee watatu kwenye benchi wanasubiri huduma. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Mbwa naye anapewa dawa! Mama, si atakwenda kula majani mwenyewe?" Nilitoka pale nimenywea.

Kwa hiyo safari hii nikajipanga. Nikaingia na sura ya mfugaji.

"Naomba dawa ya minyoo ya mbuzi."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Muuzaji akanitazama. Mbuzi mmoja Chamwino ni kama kusema una bati moja. Lakini akaendelea. "Jike au dume?"

"Jike."

"Ana mimba?"

"Hana."

Nilijibu hivyo hivyo, haraka, bila hata kuvuta pumzi. Sio kwamba nilifikiria nikaona hana. Sikufikiria kabisa. Benchi lilikuwa na watu na mimi nilitaka kutoka mle ndani kabla hawajajua kwamba mbuzi wangu anabweka.

Akanipimia, akasema, "Maana angekuwa na mimba changa nisingekupa hii." Nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Nikaondoka.

Jioni ile nikaivuta dawa kwenye bomba la sindano, nikamfungua Kashata mdomo, nikammiminia kooni. Hakuleta ubishi hata kidogo. Nikamfuta mdomo na kanga, nikamsifia, nikampa na dagaa.

Na mnajua kilichofuata? Baada ya siku nne akaanza kula! Anakula, anadai tena. Nikajiona bonge la daktari. Ofisini nikawasimulia jinsi nilivyomtibu mbwa wangu mwenyewe bila kumsumbua mtu. Kuna dada mmoja mpaka akaniomba jina la dawa ampe wa kwake. Nikampa. (Nilikuja kumtafuta baadaye mbio mbio nimwambie asithubutu. Alikuwa bado hajanunua, namshukuru Mungu.)

Sasa sikilizeni.

Jumamosi moja asubuhi nafua nguo. Mzee Jumanne katoka na kiti chake, kakaa upande wake wa mawe, anapunga upepo. Kashata kalala upande wetu, ubavu chini, tumbo linatazama jua.

"Binti."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu mbwa wako amebeba."

"Amebeba nini?"

Akanitazama kwa masikitiko. "Amebeba mimba, binti. Kwani kuna kingine?"

Mimi ni mtu wa kubisha, sifichi. Nikamwambia haiwezekani, ua umefungwa, hakuna dume lililoingia, hilo ni tumbo la shibe maana nilimpa dawa ya minyoo sasa anakula vizuri.

"Tazama matiti," akasema. "Mimi sijamgusa wala sitamgusa. Lakini macho ninayo. Mbuzi nimefuga tangu sijaota ndevu. Tumbo la shibe linashuka asubuhi. Na shibe haijazi matiti."

Nikaacha beseni, nikachuchumaa.

Chuchu za Kashata nilizizoea zikiwa kama vipele, vidogo, rangi ya ngozi. Sasa zilikuwa zimevimba, za waridi, zimesimama, na manyoya yanayozizunguka yamepungua kama mtu kayanyoa. Zote, safu mbili, kutoka kifuani mpaka kwenye mapaja. Nilikuwa namkuna tumbo kila siku na sikuwahi kuziona.

Sikuwaza watoto, sikuwaza mpaka wa mawe. Niliwaza lile swali la dukani. Ana mimba? Hana.

Wakuu, kuanzia siku ile sikuwa na jambo lingine kichwani. Je, nimewaua watoto wa Kashata kwa mkono wangu?

Nikaingia mtandaoni. Usiku ulikuwa mrefu na bando likaisha, lakini niliyoyajua ni haya, na nimeyahakikisha kwa macho yangu kwa Kashata.

Kususa chakula na kutapika kidogo kwenye wiki ya tatu, ya nne, ni kawaida ya mbwa mwenye mimba. Baadaye hamu ya kula inarudi yenyewe na inazidi. Yaani dawa yangu haikutibu chochote! Angekula tu hata ningempa maji ya chumvi. Usingizi nao ni dalili. Tumbo linakuja kuonekana dhahiri baada ya nusu ya safari. Na mimba yote ya mbwa ni kama wiki tisa tu.

Lakini nikakutana na kitu kingine ambacho nilikishika kwa mikono miwili: mimba ya uongo. Mbwa jike akishapita siku zake za kutaka dume anaweza kuvimba chuchu, kutoa na maziwa, kutengeneza na kiota, na ndani hamna kitu. Mwili unajidanganya. Nikajiambia, Mungu wangu, iwe hiyo. Hebu fikirieni nilipofika, naombea mbwa wangu asiwe na watoto ili nisiwe nimewadhuru.

Nikaanza uchunguzi. Kila Jumamosi nampiga picha Kashata kwa ubavu, kando ya ndoo ileile nyeupe, nilinganishe. Simu yangu ina folder nzima ya tumbo la mbwa. Nikawa namshika, nasikiliza, nabonyeza chuchu kidogo kuona kama kuna maji. Kashata anavumilia tu, anapiga mkia chini.

Picha ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ya tatu haikuhitaji hata ndoo.

Nikamwita Mama Ndahani. Akaja na mikono yake ya kazi, akapiga magoti, akambonyeza Kashata ubavuni taratibu kama anavyofanya kwa mbuzi wake, akafumba macho.

"Wapo," akasema.

"Una uhakika?"

"Nimekwambia wapo. Hesabu miezi mitano. Atazaa kiangazi, vizuri tu, kumekauka."

"Mama, mbwa sio mbuzi. Ni miezi miwili tu na siku chache."

Akafumbua macho. "Miwili? Huyo anazaa watoto au anachoma vitumbua?" Akacheka mwenyewe mpaka machozi. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu: tangu lini. Bila kujua alipandwa lini nisingeweza kujua dawa ilimkuta mimba ikiwa na umri gani.

"Kwani alipandwa lini, mama? Huyu hajatoka nje tangu nirudi."

"Wakati ule umekwenda kwenu. Mimi ningemfungia ndani anililie kutwa? Nilikuwa natoka naye kuchunga. Siku zile za Krismasi walimfuata madume wawili, mmoja mweusi wa pale barabarani, mwingine sijui wa wapi. Tulitembea na msafara kama arusi."

"Mama Ndahani! Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza? Uliniuliza kama amekula."

Ni kweli niliuliza hivyo. Na kwake yeye jike kupandwa ni habari njema, kuna haja gani ya kuitangaza?

Nikachukua kalenda ya ofisini, nikahesabu kwa kidole kutoka Krismasi mpaka siku ya dawa. Wiki ya tano inaanza. Nikarudia mara tatu, nikitegemea kidole kitaniongopea. Wiki ya tano inaanza.

Basi nikamtafuta daktari wa mifugo. Ni dada mmoja anayezunguka na pikipiki kuchanja mbuzi na ng'ombe vijijini. Nilimpigia nikamwambia moja kwa moja kwamba mgonjwa ni mbwa, wakicheka wacheke. Hakucheka. Akaja siku ya tatu, akitokea Bahi, matope mpaka magotini.

Alimpapasa Kashata, akaweka kile kifaa cha kusikilizia mapigo, akasikiliza muda mrefu upande huu na upande ule. Halafu akauchukua mkono wangu, akauweka chini ya mbavu za mwisho, akasema tulia.

Nikatulia. Kitu kikanipiga kiganjani. Kidogo tu, kama mtu anagonga mlango kwa kidole kimoja. Nikautoa mkono haraka, nikaurudisha. Kikapiga tena. Jamani, nilisisimka mpaka nywele! Kuna mtu mle ndani. Kuna watu.

"Wapo hai," akasema daktari. "Wangapi sikuambii kwa mkono, ila sio mmoja."

Ndipo nikatoa yaliyonijaa. Nikamwambia yote: utumbo mbichi, duka, benchi, mbuzi mmoja jike, hana mimba. Nikamwonyesha na chupa.

Aliisoma ile chupa, akavuta pumzi. Akaniambia dawa za kundi lile haziruhusiwi kwa mnyama mwenye mimba changa, kwa sababu zinaweza kuharibu viungo vya mtoto wakati vinatengenezwa. Hatari kubwa ni mapema zaidi ya pale nilipompa mimi. Halafu kipimo nilichompa kilikuwa cha mbuzi, na mbwa sio mbuzi mdogo. Hata mama mwenyewe ningeweza kumuumiza. Akamwangalia ufizi, akasema damu anayo, kwa mama tusiogope sana.

"Na watoto?"

"Sikutishi na sikufariji, dada yangu. Wamevuka. Wamevukaje, tutawaona siku hiyo."

Zikabaki kama wiki mbili. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Daktari alinifundisha dalili za mwisho na mimi nikazisubiri kama mwanafunzi anasubiri matokeo: maziwa yataanza kuonekana kwenye chuchu, atachimbachimba na kutafuta mahali, atakataa chakula, atahema, na joto la mwili litashuka. La mbwa kwa kawaida ni thelathini na nane na kitu. Likishuka chini ya thelathini na saba, usiende mbali.

Nikamtengenezea mahali pazuri ndani kwangu. Boksi kubwa, magazeti, kanga mbili za zamani. Kashata akalinusa lile boksi kwa adabu, akatoka nje.

Alhamisi jioni narudi kazini namkuta anachimba. Wapi? Upande wa pili wa mawe. Ndani ya kibanda cha kuni cha Mzee Jumanne, hatua chache kutoka mahali pake pa kuswalia. Mwaka na miezi mingapi hajawahi kuvuka, leo kavuka, na udongo unaruka nyuma yake kama anachimba msingi wa nyumba.

Na mzee huyo anatoka, kavaa kanzu, birika mkononi.

Nikajua hapa ndio tunahama. Nikaanza, "Mzee, samahani sana, namtoa sasa hivi..."

Akasimama akamtazama. Kashata naye akasimama, ulimi nje, tumbo linagusa chini.

"Mwache," akasema. "Amechagua pakavu. Mimi nitaswali barazani." Akageuka, akapiga hatua mbili, akarudi. "Lakini akimaliza, mpaka uko palepale. Nisisikie habari nyingine."

Jumamosi mchana kipimajoto alichoniachia daktari kikasoma thelathini na sita na nusu. Jumapili asubuhi akakataa hata maini. Anahema, anatetemeka mapaja, anageuka kutazama nyuma yake. Kanisani sikwenda. Nikampigia daktari, yuko Kondoa, akasema nitakuongoza kwa simu, usimvute mtoto kwa nguvu, usimsumbue mama. Mama Ndahani akaja na kigoda chake kabla hata sijamwita.

Wa kwanza alitoka saa nne. Ute, kifuko cheusi kinang'aa, Kashata akakipasua kwa meno, akalamba, akalamba kwa nguvu mpaka nikaogopa atamuumiza. Halafu kikasikika. Kikelele chembamba. Mama Ndahani akapiga kigelegele, mbuzi wote wakashtuka.

Mimi sikupiga kigelegele. Mimi nilikuwa nahesabu miguu. Minne. Vidole. Mkia. Nikafungua kinywa kwa kidole kidogo kama daktari alivyosema, nikapapasa kaakaa, limefunga. Mzima. Nikamrudisha kwa mama yake.

Wa pili, mzima. Mweusi tii kama yule baba wa barabarani.

Wa tatu, mzima. Hapa nikaanza kupumua. Nikaanza na kutabasamu. Nikamwambia Mama Ndahani, "Labda haikuwafika." Akaniambia nyamaza, usihesabu kabla hajamaliza.

Wa nne alichelewa. Karibu saa nzima.

Alitoka kimya. Mdogo kuliko wenzake. Kashata akapasua kifuko, akalamba. Hakulia. Mama Ndahani akamchukua, akamsugua kwa kanga, akamgeuza kichwa chini, akamsugua tena. Halafu akaacha, akanitazama, akanipa.

Miguu ya nyuma ilikuwa imejikunja, imeshikana, haikukamilika. Tumbo halikufunga vizuri. Nimesema nitasema ukweli, ndio huo.

Wa tano alikuja upesi, mzima, jike, mwenye fujo mpaka leo.

Mzee Jumanne alikuwa amesimama kwenye baraza yake muda wote, mikono nyuma. "Wangapi?"

"Wanne, mzee. Na mmoja hapana."

Akauliza yukoje. Nikamweleza. Akasema, "Mwaka jana mbuzi wangu alileta wa hivyo. Na sikuwa nimempa kitu. Yanatokea." Akaleta jembe, akaliegemeza kwenye mawe, akaingia ndani.

Nilipompigia daktari nikamuuliza, ni dawa? Akasema, "Inawezekana. Na inawezekana siyo. Kwa kumtazama tu hakuna mtu atakayekuambia."

Sasa, kilichonishinda kabisa siku ile sio hicho.

Wakati nahangaika na simu, nilikuwa nimemweka yule mtoto pembeni juu ya gazeti. Kashata akainuka, amechoka hivyo, akamfuata, akamshika kwa mdomo, akamrudisha katikati ya wenzake. Akaendelea kumlamba. Nusu saa. Anawaacha wazima wanalia njaa, analamba yule. Anamgeuza kwa pua, anangoja, analamba tena.

Mama Ndahani akasema mtoe, usipomtoa hatanyonyesha hawa. Akasema chukua fimbo, mbwa mzazi anang'ata.

Sikuchukua fimbo. Nikapeleka mkono. Kashata hakuningurumia. Alinitazama, akanilamba vidole, akaniachia.

Hapo ndipo nililia, wakuu. Nililia kwa sauti, mtu mzima, kwenye kibanda cha kuni cha watu. Nikaenda nikachimba mwenyewe kule kwenye minyaa.

Leo watoto wanne wana wiki tano, macho yamefunguka, wananitafunia viatu. Mama Ndahani keshachagua wake. Mpaka wa mawe umerudi palepale kama tulivyoahidiana.

Nilichojifunza hakihitaji maneno mengi. Mbwa jike akisusa chakula na kulala sana, kabla ya kufikiria minyoo mlaze chali umtazame chuchu. Ukitoka safari usiulize tu kama alikula, uliza alikuwa wapi na alikuwa na nani. Daktari yupo, mpigie, kumpapasa ni dakika kumi. Na ukiulizwa dukani dawa ni ya nani, sema ni ya mbwa. Watu wa kwenye benchi watacheka, watamaliza, watakwenda kwao. Mimi niliwakwepa watu ambao hata majina yao siyajui.

Karibuni mchangie. Wenye mbwa waliozaa, mlijuaje? Dalili gani ilianza kwenu? Kuna ambazo sikuziona?

Na madaktari wa mifugo mliomo humu, nina swali moja, ndilo lililonileta. Dawa ile, mwanzoni mwa wiki ya tano, inaweza kufanya vile kwa mtoto mmoja na kuwaacha wanne? Naombeni msinijibu kwa kunionea huruma. Hapa nyumbani wote wameshanionea huruma, mpaka Kashata mwenyewe. Mimi nataka kujua.